Akili mnemba na utafiti wa dawa: kasi tumeiona, msahihishaji ni nani?



Nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, na pengine ningeendelea kukaa kimya lau si haya maneno ya akili mnemba na dawa, ambayo sasa yamekuwa wimbo wa kila harusi. Eti dawa iliyokuwa ikichukua miaka kumi na zaidi kufika dukani sasa itachukua mwaka mmoja au miwili. Eti majaribio ya dawa kwa binadamu yatakuwa mafupi, pengine hata binadamu wenyewe hawatahitajika sana. Na wanaosema hivyo si watu wa mitaani tu. Demis Hassabis, aliyepata Nobeli ya Kemia mwaka 2024 pamoja na John Jumper na David Baker, alihojiwa na televisheni ya Marekani Aprili 2025 akasema huenda siku moja maradhi yote yakamalizwa kwa msaada wa teknolojia hii, pengine ndani ya miaka kumi au karibu na hapo.

Basi mimi nina la kusema. Kazi inayonilisha ni takwimu za utafiti wa dawa, karibu miaka ishirini sasa hapa Uingereza. Programu hizi nazitumia kila siku, zimeniondolea kazi nyingi za kuchosha, na sitaki mtu anisome akadhani nimetoka kwenye pango. Lakini kuna swali ambalo wanaoimba wimbo huu hawaliulizi, na bila ya hilo swali mazungumzo yote ni porojo. Swali ni hili: mashine inapokosea, nani anaiambia kuwa imekosea?

Kabla sijaendelea, neno moja la lugha, maana tusiposema sisi nani atasema. Wako wanaosema "akili mnemba". Wengine wanasema "akili unde". Na mitaani bado utasikia "akili bandia". Mimi nitatumia mnemba. Hilo neno bandia lina mambo yake, na nitalirudia mbele.

Tuanze na mazuri, maana yapo, na mwenye haki yake apewe. Mwaka 2020 kundi la Chuo cha MIT, wakiwemo James Collins na Regina Barzilay, lilifundisha kompyuta kwa molekuli zipatazo 2,300 ambazo tayari zilijulikana kama zinazuia bakteria au hazizuii. Kisha wakaipa maelfu ya molekuli nyengine iangalie ipi inafaa. Ikachagua kitu kilichokuwa kimewahi kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari kikawekwa kando. Wakakiita halicin, kwa jina la ile kompyuta HAL ya kwenye filamu. Wakaijaribu kwenye vyombo vya maabara, ikaua bakteria wabishi ambao dawa nyingi zimewashindwa. Wakaijaribu kwa panya, panya wakapona. Halafu wakaipa kompyuta molekuli zaidi ya milioni 100, ikazipitia kwa siku tatu tu. Siku tatu! Mtu na kalamu yake asingemaliza kwa maisha kumi.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya kisa hicho, ambayo watu hawaisimulii. Katika hizo milioni 100, walichagua 23 wakazipima maabara. Zilizofanya kazi ni 8. Kumi na tano zilikuwa bure. Mimi sioni aibu katika hilo. 8 kati ya 23 ni mavuno makubwa mno kwa kazi ya namna hii. Ninachotaka mkione ni kuwa tumejua kuwa 15 zilikuwa bure kwa sababu bakteria hawasomi majarida wala hawana hisa kwenye kampuni. Bakteria akipewa dawa isiyofanya kazi, anaendelea kuzaana. Huyo ndiye msahihishaji. Na halicin yenyewe, kwa sifa zake zote, mpaka leo huipati duka lolote la dawa, kwa sababu baina ya panya na binadamu kuna safari ambayo kompyuta haijaifupisha.

Kisa cha pili kinafundisha zaidi. Februari 2020, Covid ikiwa ndiyo kwanza inatoka China, watafiti wa kampuni ya BenevolentAI ya London walitumia hifadhi yao ya maarifa ya tiba, mashine ikasaidia kupekua, wakaandika katika jarida la Lancet kuwa dawa ya baridi yabisi iitwayo baricitinib huenda ikafaa. Ilikuwa fikra safi, na ilipatikana haraka sana. Je, ilikuwa kweli? Hapo Februari hakuna aliyejua, na mashine haikujua. Ilibidi wagonjwa waingie kwenye majaribio. Katika utafiti wa RECOVERY wa hapa Uingereza peke yake waliingizwa watu 8,156, nusu yao kwa kura wakapewa baricitinib juu ya matibabu ya kawaida, nusu wakapewa matibabu ya kawaida tu. Matokeo yalitoka 2022: waliokufa walikuwa asilimia 14 kwa wasiopewa, na 12 kwa waliopewa. Tafauti ndogo, lakini ni roho za watu. Dhana ilipatikana upesi mno. Kuijua kama ni kweli kulitaka miaka miwili na maelfu ya wagonjwa waliokubali kupigiwa kura.

Na kampuni hiyohiyo, kwa njia hiyohiyo, ilikuwa na dawa yake nyengine ya pumu ya ngozi. Aprili 2023 ikajaribiwa kwa wagonjwa, haikuwashinda wale waliopewa isiyo na dawa ndani yake. Ikaishia hapo. Na ile dawa iliyotangazwa kwa vigelegele Januari 2020 kuwa ya kwanza kubuniwa kwa akili mnemba na kuingizwa kwa binadamu, ya Exscientia na Wajapani wa Sumitomo, haikupita awamu ya kwanza. Sisemi haya kwa kufurahia. Katika fani yetu, dawa kumi zikiingia kwa binadamu, karibu tisa hazitoki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla ya kompyuta hizi. Ziko zinazotia moyo pia. Juni 2025 ilichapishwa dawa ya Insilico kwa ugonjwa wa mapafu kuota makovu, iliyopendekezwa na kubuniwa kwa mashine, na waliopewa kipimo cha juu walionekana kupumua vizuri zaidi kuliko waliopewa isiyo na dawa. Lakini wagonjwa wote walikuwa 71, kwa wiki 12. Ni mwanzo mwema, na mwanzo si mwisho.

Sasa nani alikwenda kwa kasi kweli katika janga lile? Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Ni deksamethasoni, dawa kongwe ya miaka ya 1950, ya bei ya karanga, ambayo haikuhitaji akili mnemba yoyote. RECOVERY ilimpokea mgonjwa wa kwanza Machi 2020, na Juni 2020 Peter Horby na Martin Landray walisimama wakatangaza kuwa dawa hiyo imepunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Miezi mitatu! Siri yao ilikuwa nini? Fomu fupi. Hospitali zaidi ya 170 zikifanya kitu kimoja. Muuguzi aliyechoka akiweza kumuingiza mgonjwa kwa dakika chache. Na wagonjwa walioamini. Hiyo ndiyo kasi niliyoiona kwa macho yangu nikiwa katika fani hii, na ililetwa na utaratibu na imani.

Mtu ataniambia: wewe unaongea kwa utulivu kwa sababu watoto wako wako Uingereza, kule nyumbani kila mwaka wa kungoja ni makaburi. Ni kweli, na hoja hii naiheshimu kuliko zote. Shirika la Afya Duniani lilikisia kuwa malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023, karibu wote Afrika, wengi wao watoto wadogo. Basi hebu tuiangalie chanjo ya malaria ya kwanza, ile RTS,S, tuone miaka ilipotelea wapi. Kazi ilianza 1987. Jaribio kubwa la awamu ya tatu lilifanyika kuanzia 2009 mpaka 2014, watoto 15,459 katika nchi saba, wakiwemo watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Julai 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni mazuri. Na chanjo ikaanza lini kutolewa kwa majaribio ya kawaida katika Malawi, Ghana na Kenya? Mwaka 2019. Ikapendekezwa rasmi lini? Oktoba 2021. Miaka sita baada ya maoni yale! Katika miaka hiyo sita hapakuwa na molekuli ya kutafutwa. Palikuwa na pesa za kutafutwa, na hofu juu ya usalama za kujibiwa, na vikao. Kompyuta ya kupitia molekuli milioni 100 kwa siku tatu isingeokoa hata mwezi mmoja katika hiyo sita. Kwa hiyo anayelia kwa ajili ya makaburi, nalia naye, lakini aelekeze kilio chake panapostahiki.

Nimesema swali ni nani anasahihisha. Nitatoa mfano wa pale ambapo msahihishaji hakuwapo. Mnaikumbuka Watson ya IBM, iliyowashinda Wamarekani kwenye mchezo wa maswali wa televisheni mwaka 2011? Baadaye ikaingizwa kwenye saratani. Hospitali ya MD Anderson ya Houston ilitumia dola milioni 62 kwa mradi wake, kwa mujibu wa ukaguzi wa Chuo Kikuu cha Texas, kisha ukawekwa kando bila ya kumhudumia mgonjwa. Na Julai 2018 gazeti la STAT lilitoa nyaraka za ndani zikionesha kuwa Watson ilitoa mapendekezo ya matibabu yasiyo salama. Kwa nini? Kwa sababu ilifundishwa kwa wagonjwa wa kubuni, waliotungwa na madaktari wachache wa hospitali moja, badala ya wagonjwa wa kweli. Kisha ikapimwa kwa kuangalia inakubaliana kiasi gani na madaktari. Mwanafunzi amefundishwa na mwalimu, akapewa mtihani na mwalimu, na jibu sahihi ni lile analolipenda mwalimu. Mgonjwa aliyepona au aliyekufa hakuulizwa. Mwaka 2022 IBM ikauza biashara yake ya Watson ya afya.

Sasa wamekuja na "pacha wa kompyuta". Yaani badala ya kumtafuta mgonjwa wa kundi la kulinganishia, kompyuta inatabiri mgonjwa kama wewe angekuwaje bila ya dawa, ili watu wachache zaidi wahitajike. Mwaka 2022 Shirika la Dawa la Ulaya lilikubali mbinu moja ya namna hii, kwa masharti, na kundi la watu halisi likabaki palepale. Kwa kiasi hicho sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwa wanaotaka kundi lile liondoke kabisa. Pacha huyo ametengenezwa kwa data ya nani? Katika tafiti kubwa za vinasaba, hesabu iliyochapishwa 2019 ilionesha kuwa karibu asilimia 78 ya watu walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama asilimia 2. Pacha wa mtoto wa Korogwe akitengenezwa kwa data hiyo, huyo ni pacha wa mtoto wa mtu mwengine. Na mashine haiwezi kujua. Mwaka huohuo 2019 jarida la Science lilionesha namna programu iliyotumiwa na hospitali za Marekani ilivyokuwa ikiwaona wagonjwa weusi kuwa wazima kuliko walivyo, kwa sababu ilipima ugonjwa kwa pesa zilizotumika kumtibu mtu, na mtu mweusi hutumiwa pesa kidogo. Waliogundua ni watu walioamua kuikagua kutoka nje. Programu yenyewe ilikuwa inajiona sawasawa.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka jana nilipokea ujumbe kutoka kampuni moja, sitaitaja, inayosimamia majaribio ya dawa kwa niaba ya wengine. Walikuwa na utafiti wa watoto ambao baadhi ya vituo vyake viko pwani yetu ya Afrika Mashariki. Waliambiwa kuwa mimi ni mtu wa takwimu na Kiswahili ni lugha yangu. Wakaniomba nisome fomu ya ridhaa, ile anayosomewa mzazi kabla ya kukubali mtoto wake aingie, kurasa 14, kisha nitie saini kwamba tafsiri iko sawa. Muda, siku mbili. Tafsiri ilikuwa imefanywa na akili mnemba, kwa dakika moja, walisema, na walijivunia hilo.

Nikaisoma. Nakiri kwamba ukurasa wa kwanza nilivutiwa. Ngeli zimetulia, vitenzi vimekaa vizuri, hakuna kile Kiswahili cha kuchechemea tulichokuwa tukikicheka zamani. Kisha nikafika ukurasa wa nne: "Wewe na daktari wako mtapofushwa wakati wote wa utafiti."

Wenye fani wanajua. Kwa Kiingereza, pale ambapo mgonjwa na daktari hawaambiwi nani kapewa dawa ipi, husemwa kuwa "wamefanywa vipofu". Ni istiari tu, na Mwingereza wa fani hiyo haisikii tena. Lakini mama wa Kiswahili aliyempakata mtoto wake ataisikia! Nikaendelea. "Mtoto wako atawekwa bila mpangilio katika mkono mmoja kati ya miwili." Mkono ni kundi, kwa Kiingereza cha watafiti. Na "bila mpangilio" ndiyo kura, ambayo ni mpangilio wenyewe, na ni wa haki kuliko yote. Kwa Kiswahili chetu imegeuka kuwa ovyoovyo. Nikaendelea. "Mtoto wako anaweza kupewa dawa bandia." Ndilo lile neno niliahidi kulirudia. Nyumbani dawa bandia ni dawa ya kughushi, ile ambayo serikali inaikamata na kuichoma moto na watu kufungwa. Mzazi anaambiwa rasmi, kwa maandishi, yenye muhuri, kwamba mwanawe atapewa hiyo. Na ukurasa wa tisa: "Mwisho mkuu wa utafiti huu ni kulazwa hospitali au kifo." Maana yake ni kwamba hayo ndiyo watakayoyahesabu. Lakini si hivyo inavyosomeka.

Nilimpigia simu shangazi yangu, Unguja, mwalimu mstaafu wa skuli, nikamsomea ile sentensi ya ukurasa wa nne bila ya kumwambia imetoka wapi. Akanyamaza kidogo kisha akauliza: "Mwanangu, hao wanaotaka kuwapofua watu umejuana nao wapi?"

Nikawaandikia kampuni kuwa siwezi kutia saini. Jibu lao ndilo lililonistua kuliko fomu yenyewe. Waliniambia, kwa adabu kabisa, kuwa tafsiri ilikwishapita kipimo. Kipimo gani? Ile kanuni ya kurudisha tafsiri: kile Kiswahili hutafsiriwa tena kwa Kiingereza, kisha Kiingereza cha mwanzo na cha mwisho vinalinganishwa. Ni kanuni nzuri, ya miaka mingi, na ilitungwa kwa ajili ya watu wawili wasiojuana. Na nani aliyerudisha? Mashine ileile. "Mtapofushwa" ikarudi kuwa lile neno la fani la Kiingereza, sawia kabisa. "Mkono" ukarudi kuwa mkono. "Dawa bandia" ikarudi salama. Alama zikawa karibu mia kwa mia, kila mtu akafurahi. Kwa Waingereza waliokuwa wakiangalia mwanzo na mwisho, kila kitu kilikuwa sahihi. Aliyepotea ni yule wa katikati tu, yaani mama.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo hoja yangu yote katika kisa kimoja. Mashine imeandika, mashine imesahihisha, mashine imejipa alama. Pale kwa halicin alikuwepo bakteria wa kusema hapana. Pale kwa baricitinib walikuwepo watu elfu nane. Hapa alitakiwa awepo mtu wa Kiswahili asiyejua Kiingereza, na yeye ndiye aliyeondolewa ili kuokoa muda.

Mtasema ni makosa ya maneno tu, yatarekebishwa. Si ya maneno tu. Ridhaa ni mlango wa utafiti. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2004 kazi yao juu ya ridhaa katika pwani ya Kenya, na kati ya waliyoonesha ni ugumu wa mzazi kutafautisha utafiti na matibabu ya kawaida, hata pale watafiti wanapokuwa makini na wanaongea lugha ya watu. Uvumi wa damu inayochukuliwa kwa siri unajulikana pwani yote. Imani iliyojengwa miaka thelathini inaweza kubomoka kwa karatasi moja inayosema "mtapofushwa", na ikibomoka hakuna kompyuta ya kuijenga kwa siku tatu. Utakuwa umeokoa wiki mbili za tafsiri, ukapoteza kituo kizima. Na takwimu zenyewe, hii naisema kama mtu wa takwimu, zitaharibika: wazazi waoga watajitoa, watabaki wasioelewa walichokubali. Majibu yatakuja haraka, nayo yatakuwa ya uongo.

Mwaka 2024 Azimio la Helsinki, lile la 1964 linalolinda watu katika utafiti, lilifanyiwa marekebisho, na moja ya waliyoyabadilisha ni neno. Badala ya kuwaita watu "wanaofanyiwa" utafiti, sasa linawaita "washiriki". Wakubwa wa dunia wanakaa vikao kwa ajili ya neno moja! Na sisi tunaambiwa lugha yetu ni kazi ya dakika moja.

Kampuni ilikubali masahihisho yangu mwishowe. Niliyoyaandika yalikuwa ya kawaida kabisa. "Si wewe wala daktari atakayejua mtoto amepewa ipi, mpaka utafiti umalizike." "Kompyuta itapiga kura, kama kurusha shilingi, kuamua mtoto aingie kundi gani." "Kundi moja litapewa dawa, jengine litapewa kidonge kinachofanana nacho lakini hakina dawa ndani yake." Mtoto wa skuli angeyaandika. Kisha nikawauliza: na zile lugha nyengine tatu za utafiti huu, nani amezisoma? Nikajibiwa zimepita kipimo kilekile. Sijapata usingizi mzuri usiku ule.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu, na nawaomba wenye ujuzi kuliko mimi wayakosoe.

Kwanza, mashine itafsiri rasimu ya kwanza, sina neno. Lakini anayerudisha tafsiri awe binadamu ambaye hajaona Kiingereza cha mwanzo, na kamati za maadili za kwetu ziulize jina lake na zisipokee fomu bila yake.

Pili, fomu isomwe kwa sauti kwa watu wachache wa mahali penyewe, wasio wa hospitali, kisha waulizwe waeleze kwa maneno yao wamefahamu nini. Siku moja inatosha. Katika kazi ya miaka kumi, siku moja si ucheleweshaji.

Tatu, na hili ni letu sisi tuliokaa ughaibuni na shahada zetu ukutani. Tukae tukubaliane maneno: kura, kundi, kidonge kisicho na dawa, madhara, kujitoa, ridhaa. Madaktari wetu wa Muscat, London na Minnesota wapo, watu wetu wa lugha wapo. Tukiandika orodha nzuri yenye maelezo, hata hizo mashine zitajifunza kwetu, maana zinasoma kila kilichoandikwa. Tukinyamaza, zitajifunza kutoka kwenye zile kurasa 14.

Nimesema mengi kuliko nilivyokusudia. Anayeniona nimekosea aniambie, tena wazi, mbele za watu. Mimi angalau ninao wa kunisahihisha.

Wenu,
mtakwimu mmoja wa Kiunguja, Uingereza